Nani Kapewa Nini: Neno "Kipaji" kwa Wanaoanza Kazi ya Uhariri

Mwaka wangu wa kwanza wa kusahihisha prufu niliiharibu habari ya mtu. Mwandishi alikuwa ameleta taarifa ya misa ya jubilei katika parokia moja, na katikati yake palikuwa na sentensi hii: "Kwaya iliimba wakati waumini wakipeleka vipaji altareni." Nikakwama hapo. Kipaji nilichokijua mimi ni cha kuimba, cha kuchora, cha kusakata kabumbu, kinapelekwaje altareni? Nikaona mwenzangu kateleza, nikamrekebishia: "Kwaya iliimba wakati waumini wakionyesha vipaji vyao altareni." Habari ikatoka hivyo hivyo.

Kesho yake katekista wa parokia ile alinipigia simu. Alikuwa mtu mzima, na hakunigombeza. "Mwanangu," alisema, "watu wangu hawakucheza ngoma pale mbele. Walipeleka mkate na divai, na mazao yao." Kwa Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili, hivyo ndivyo vipaji: vitu vinavyotolewa. Mwandishi alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Kosa lile lilinifumbua macho, na ndilo ninaloanza nalo kila ninapopewa kijana mpya wa kukaa naye mezani. Neno tunalolitumia kila siku ndilo tunalolichunguza kidogo kuliko yote. Msamiati mgumu tunaukimbilia kamusi. "Kipaji" tunalipita tu, kwa sababu tumelisikia tangu shule ya msingi.

Lisikilizeni basi. Ndani yake kuna kitenzi kifupi kabisa, -pa. Anayetoa ni mpaji, na ndiyo maana wazee wanasema mpaji ni Mungu. Kinachotolewa ni kipaji. Ndugu yake ni kipawa, kilichojengwa juu ya -pawa, umbo la kutendwa ambalo leo wengi wetu tunalitamka -pewa. Kwa hiyo kipawa ni kile mtu alichopewa, na neno lenyewe linakwambia hivyo bila msaada wa kamusi. Ukitaka kuona jinsi -pa hii ilivyozaa, tazama kipaimara, sakramenti ya kumpa muumini uimara, na kipaumbele, ambacho ni kumpa mtu au jambo nafasi ya mbele. Maneno haya yote yana mtoaji na mpokeaji ndani yake, hata pale mtoaji asipotajwa.

Hapo ndipo linapotoka swali ninalowafundisha wanaoanza, na ningeomba mlibebe hadi mlizoee: nani kapewa nini? Ukikutana na "kipaji" katika andiko, jiulize hivyo kwanza. Kama jibu linakuja, neno limekaa mahali pake. Kama halipo, mwandishi alitaka neno jingine na hakulipata.

Jaribuni kwenye barua za kuomba kazi, maana huko ndiko neno hili linakoteseka zaidi. "Nina kipaji cha kutumia kompyuta." Nani kakupa? Hakuna aliyezaliwa anajua kupanga safu za hesabu kwenye skrini. Ulikaa darasani, au ulikaa karibu na rafiki aliyejua, ukajifunza. Huo ni ujuzi, na ukiandika "ujuzi" unajiinua, hujishushi, kwa kuwa mwajiri anataka kusikia kwamba umejifunza na unaweza kujifunza tena. Hali ni hiyo hiyo kwa "nina kipaji cha uhasibu" na "nina kipaji cha udereva".

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya mambo haya, ndiyo maana inaniuma kuona moja likifanyishwa kazi za mengine yote. Ujuzi ni kile unachokijua kwa kujifunza. Ustadi ni ujuzi ulioingia mikononi, ukautazama kwenye kazi yenyewe: mshono ulionyooka, mlango unaofunga bila kusukumwa. Umahiri uko juu ya hapo, mtu ameshawapita wenzake. Weledi una harufu ya taaluma na maadili yake. Daktari au mwanasheria mweledi si anayejua tu, ni anayeifanya kazi kwa taratibu zake. Uzoefu unahesabiwa kwa miaka. Umilisi mtaukuta sana kwenye maandishi ya elimu, hasa Kenya, ambako mtaala ulioanza kufanyiwa majaribio 2017 unaitwa mtaala wa umilisi; wanaisimu nao wanalo kwa maana yao, ujuzi wa lugha ulio kichwani mwa mzungumzaji. Na uwezo ni mfuko mpana unaobeba yote hayo, pamoja na pesa na nguvu za mwili. Ukishindwa kabisa kuamua, andika uwezo, halafu urudi baadaye kutafuta lililo sahihi zaidi.

Upande wa pili, wa mambo ya kuzaliwa nayo, kipaji na kipawa wana majirani wawili wanaochanganywa nao. Hulka ni maumbile ya tabia: mpole, mkali, mwenye haya. Silika ni msukumo wa asili usiofundishwa. Mnana anayefuma kiota chake kwa majani anafanya kwa silika, kwa sababu kila mnana hufuma. Kipaji hakigawiwi sawasawa hivyo. Tunalitumia neno hili pale mmoja anapoonekana kapewa zaidi ya wenzake, na kama wote wangekuwa nacho kwa kiasi kile kile tusingekuwa na haja ya kulisema. Mtoto kujua kuongea si kipaji. Mtoto wa miaka sita kusimulia hadithi hadi watu wazima wakasahau walichokuwa wakifanya, hapo sawa.

Sikilizeni pia vitenzi vinavyotembea na neno hili, kwa sababu vitenzi havidanganyi. Kipaji huibuliwa, kama kitu kilichokuwa chini ya maji. Husakwa. Hukuzwa na hulelewa, kama mtoto. Hunolewa, kama kisu. Huendelezwa, huonyeshwa, na pengine hufukiwa. Lakini mzawa wa lugha hasemi "nilisomea kipaji" wala "alinifundisha kipaji". Kinachosomewa ni fani, na kinachofundishwa ni ufundi. Ukiona "mafunzo ya kipaji cha ushonaji" katika tangazo unalolihariri, futa neno hilo bila kumuuliza mtu: mafunzo ya ushonaji yanatosha. Na ukiona "kipaji cha kuzaliwa", fikiri kidogo. Watu wanasema hivyo kila siku, na mtu akinukuliwa muache na maneno yake. Ila katika maelezo yako mwenyewe "cha kuzaliwa" hakiongezi kitu, kwa sababu kupewa kumeshasemwa ndani ya neno.

Kuna jambo moja kubwa zaidi ya sarufi, nalo nilifundishwa na fundi saa.

Niliandika makala fupi juu yake nikiwa na miaka mitatu kazini. Nilikaa naye siku nzima. Alikuwa na kioo cha kukuza alichokibana jichoni kwa kukunja uso, na kibanio chembamba alichokishika kama mtu anayeshika mguu wa mbu. Alitoa gurudumu dogo kuliko punje ya mtama, akalipuliza, akalirudisha, saa ikaanza kugonga. Nikaandika kwamba mzee huyu ana kipaji cha ajabu. Nikampelekea nakala nikiwa na furaha. Akaisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Hapa umeandika nina kipaji."

"Ndiyo, mzee."

"Nani kakwambia nilipewa?" Akanyoosha kidole cha shahada, akanionyesha ncha yake iliyokuwa ngumu na laini kama jiwe la mtoni. "Marehemu baba alinikataza kugusa saa ya mteja miaka minne. Nilifagia, nikapanga parafujo kwa ukubwa wake, nikazimwaga, nikazipanga tena. Miaka minne, mwanangu. Andika hivyo."

Niliandika hivyo, na makala ikawa bora mara kumi. Tangu siku ile nikaelewa kwamba "kipaji" likiwekwa mahali pa "ustadi" linamnyang'anya mtu jasho lake. Tunadhani tunamsifu, kumbe tunasema alikuta kila kitu kimeshawekwa mfukoni. Waandishi wachanga wanalipenda neno hili kwa sababu linamaliza kazi haraka: ukishasema ana kipaji, huna haja ya kueleza alifikaje hapo. Mhariri ndiye wa kumrudisha aende akaulize.

Lakini msije mkaenda upande mwingine mkalifuta kila mahali. Wapo waliopewa kweli. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, akawa anauza vyungu kwa miguu, akinadi bidhaa zake kwa sauti iliyowafanya watu wasikie kabla hajafika. Sauti ile hakuinunua wala hakufundishwa. Ila kusimama na wapiga ala, kufuata mapigo ya taarabu, kukariri mashairi marefu kichwani kwa mtu asiyejua kusoma, hayo alijifunza kwa watu na kwa miaka. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi santuri, alikwenda na vyote viwili. Mwandishi akiniletea habari zake, ninataka kuona kipaji katika aya ya vyungu, na ustadi katika aya ya santuri. Akivichanganya katika sentensi moja tu ya sifa, ninamrudishia.

Tena mara nyingi Kiswahili kizuri hakihitaji hata hilo jina. Kina kitenzi. "Amejaliwa sauti." "Mungu kamjalia mkono wa kuchora." "Hakujaliwa urefu, lakini ana mbio." Ukisoma sentensi inayosema "ana kipaji kikubwa sana cha sauti nzuri ya kuimba", ondoa yote uandike "amejaliwa sauti", kisha uisome tena kwa sauti uone ilivyopumua. Hii ndiyo dawa ninayoitumia kuliko zote, na wanaotoka kwenye tafsiri ndio wanaoihitaji zaidi, kwa sababu lugha wanazotafsiri mara nyingi hupenda majina pale sisi tunapopenda vitenzi.

Sasa talanta. Hili lina historia yake, na lisipoeleweka linaleta kichekesho katika maandiko mazito. Asili yake ni Kigiriki, na mwanzo lilikuwa kipimo cha uzito na hesabu ya fedha. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kwa mfano wa watumwa watatu katika Mathayo 25: mmoja alipewa talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja, na wa mwisho akaenda kuifukia ardhini. Ndiyo asili ya ule usemi wa kufukia talanta. Angalieni kitu kimoja ambacho wengi hawakioni: katika mfano ule kila mtumwa alipewa kulingana na uwezo wake. Maana yake uwezo ulikuwapo kwanza, talanta ikaja baadaye, na talanta ilikuwa mali. Kwa hiyo mkikuta katika Agano la Kale kwamba dhahabu iliyomfikia Sulemani kwa mwaka mmoja ilikuwa talanta 666, msije mkamfanya awe na vipaji 666. Nimewahi kuliona kosa la namna hiyo katika muswada wa masomo ya Jumapili, na aliyelifanya alikuwa kijana makini. Alitumia tu amri ya kubadilisha neno moja kwa jingine katika muswada mzima. Amri hiyo msiitumie kamwe kwa maneno ya jamii hii.

Siku hizi talanta kwa maana ya kipaji limeshika sana Kenya, kwenye redio, shuleni na katika siasa. Tanzania tunasema kipaji zaidi. Kipawa kipo pande zote, nacho Wakenya wanapenda kusema "watoto wenye vipawa". Hakuna sababu ya kumsahihisha mwandishi wa Nairobi aandike kipaji, wala wa Dodoma aandike talanta. Muhimu ni asiruke kutoka moja kwenda jingine ndani ya aya moja kama vile ni vitu viwili tofauti, na upatanisho wa sarufi usiyumbe: kipaji chake, vipaji vyao, lakini talanta yake, talanta zao.

Karama nalo lishikeni kwa adabu. Ni neno la Kiarabu, ndugu wa karimu na ukarimu. Mkristo akilisoma anakumbuka karama za rohoni za Wakorintho wa Kwanza 12: unabii, kuponya, kunena kwa lugha. Mwislamu akilisoma anakumbuka karama za mawalii, yale mambo yasiyo ya kawaida ambayo Mungu huyadhihirisha kupitia waja wake wema. Wote wawili watashtuka wakikuta "mshambuliaji mwenye karama ya kufunga mabao". Mimi nalibakiza karama kwenye mambo ya dini, na ninashauri mfanye hivyo, ijapokuwa kuna waandishi ninaowaheshimu wasioona tatizo. Tena kwa Wakatoliki kumbukeni kwamba zile zawadi saba za Roho Mtakatifu, kuanzia hekima hadi uchaji wa Mungu, wao huziita vipaji. Ukihariri kitabu cha katekisimu usiwabadilishie.

Katika shule nako neno limepata maana yake ya pekee. Tanzania ina shule za sekondari za wanafunzi wenye vipaji maalumu. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, na zile mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Msomaji wa nje anaweza kudhani huko wanafundishwa kuimba na kucheza mpira. Sivyo: wanaochaguliwa ni wale waliofanya vizuri sana katika mitihani. Kwa hiyo "kapelekwa vipaji maalumu" katika mazungumzo maana yake ana akili za darasani. Mkitafsiri kwenda lugha nyingine, elezeni hivyo. Msitafsiri neno kwa neno.

Na kuna kipaji cha usoni. Hiki kiliwahi kumpotosha mtu niliyemfundisha, binti hodari, aliyekuwa akitafsiri kisa cha zamani. Sentensi ilisema: "Jasho lilimtiririka kipajini." Akaandika kwamba mhusika alijitahidi kwa kipaji chake chote. Kipaji hapo ni paji la uso, sehemu iliyo juu ya nyusi. Dalili ilikuwa wazi: jasho, na kile kiambishi cha mahali mwishoni. Kipaji cha kupewa hakichukui "-ni" kirahisi hivyo. Hakuna anayesema "yupo kipajini mwake" akimaanisha uwezo.

Waandishi wa michezo ndio wanaonipa kazi zaidi. Wao kipaji wamekigeuza mtu: "klabu imesajili vipaji vitatu", "kipaji huyo wa miaka 17 amefunga". Sentensi ya kwanza naiacha, imeshazoeleka na inaeleweka. Ya pili inanisumbua. Ni kweli majina ya watu yaliyo katika ngeli ya KI-VI huchukua upatanisho wa viumbe hai, ndiyo maana tunasema kijana amefika na kiongozi amesema. Lakini kijana na kiongozi ni watu moja kwa moja. Kipaji bado ni kitu ambacho mtu anacho. Ukiandika "kipaji hicho kimefunga", umemfanya mtoto wa watu kuwa kifaa. Ukiandika "kipaji huyo amefunga", sikio linakwaruzwa. Andika "kinda huyo amefunga", neno tunalo, na limekaa vizuri.

Limebaki tamko moja, nalo ni "hana kipaji". Hili mlishughulikie kwa uangalifu kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu likishaandikwa linabaki mikononi mwa mtu. Kumwambia mwenzako hana ujuzi ni kumwambia akajifunze. Kumwambia hana kipaji ni kumwambia kwamba siku ya kugawa hakuitwa, na hakuna la kufanya.

Shule moja ilituletea maoni ya walimu tuyasahihishe kabla hayajachapwa kwenye ripoti za wanafunzi. Mengi yalikuwa na makosa ya tahajia tu. Kwa mtoto mmoja wa darasa la tano mwalimu alikuwa ameandika: "Hana kipaji cha hisabati." Kisarufi sentensi haikuwa na kasoro. Nikachora mstari wa penseli chini ya neno, nikampigia mwalimu simu nikamuuliza amejuaje. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema mtoto yule alihamia katikati ya muhula, akakuta wenzake wameshamaliza somo la sehemu, zile hesabu za nusu na robo, na tangu hapo kila kilichojengwa juu ya sehemu kilimshinda.

"Basi tuandikeje, mwalimu?"

Akafikiri. "Andika: Hajafundishwa sehemu. Aanze na nusu na robo."

Nikaandika hivyo kwenye prufu, nikafuta ile ya kwanza kwa kifutio mpaka karatasi ikawa nyeupe, kisha nikaenda kwa mtoto wa pili kwenye orodha.